Kupandisha Tovuti ya Tanzia

Jumatatu, 4 Machi
Lachezar amekuja na keki na tovuti. Ya tanzia! Anasema karatasi za marehemu tunazobandika milangoni na kwenye nguzo zinalowa mvua, na watoto wao walioko Ujerumani hawazioni. Kazi yangu: mtu akitafuta tanzia za mji wetu wa Svishtov mtandaoni, yetu itokee mbele.

Nilisema nina kazi nyingine. Akacheka. Ndiye aliyesimamia harusi yetu, ndiye aliyemshika binti yangu Yana kwenye ubatizo. Msimamizi hakataliwi. Nilidhani talaka ingenitoa mikononi mwake — wapi! Mume kaondoka, msimamizi kabaki, na kila tovuti anayoibuni ni mzigo wangu.

Ila safari hii kaahidi mbele ya Baba. “Ukinifikisha ukurasa wa kwanza wa Google, mama Yana, sikusumbui tena maisha yako yote.” Baba ni shahidi.

Jumatano, 6 Machi
Ukurasa wa tisa. Nani anafika ukurasa wa tisa?

Tovuti changa haijulikani mpaka wanaojulikana waitaje. Nimewaandikia wapiga makasia na wafuga nyuki wa mjini waweke kwenye tovuti zao kiungo cha kuja kwetu. Mfuga nyuki mmoja kajibu: kafa nani?

Nimetengeneza ukurasa wa mfano nione unavyokaa. Fremu nyeusi, msalaba, saa ya mazishi. Nilihitaji jina na sura, na Baba alikuwa mbele yangu anamenya viazi. Tsvyatko Minchev, mwalimu mstaafu wa jiografia. Picha ile ya suti. Tarehe nimeweka ya mbali, Jumamosi ya mwezi ujao. Kisha nikaufungia ukurasa, Google isiuone. Nikagonga meza mara tatu kufukuza mkosi.

Ijumaa, 8 Machi
Siku ya Wanawake. Baba kaniletea tulipu tatu. Muuza maua alimfungia nne kwa haraka, Baba akamrudishia moja. “Maua ya shufwa, mawili, manne, ni ya wafu; peleka makaburini, mama. Binti yangu yu hai.”

Nimecheka. Leo nzima ndicho kicheko pekee.

Jumatatu, 18 Machi
Ukurasa wa sita. Lachezar hana subira. Google huchukua wiki kuuona ukurasa mpya, anasema, na sisi tunazika kesho yake. Tunachelewa daima. Kwa hiyo — kurasa ziandikwe mapema.

Mapema lini?

Akatoa orodha ya klabu ya wastaafu. Watu mia mbili na kumi, wote wamepita themanini. Bila fremu nyeusi, bila msalaba, jina na maisha yao tu. Siku ikifika tunaongeza tarehe. Nikamwambia huo ni uchuro. “Uchuro gani? Wenyewe wameshaning’iniza suti za kuzikiwa kabatini.”

Kweli, hata Baba anayo. Nimeichukua orodha. Nikikataa, ni tovuti nyingine na nyingine mpaka Yana aolewe, na huko pia atakuwa msimamizi.

Jumatano, 20 Machi
Nimemaliza. Vidole vinauma. Nimechagua kurasa zote, nikabofya mara moja, zikafunguka zote kwa Google. Naenda kulala saa mbili usiku kama mtoto.

Jumanne, 2 Aprili
Ukurasa wa pili! Chama cha watu wetu walioko Munich kimeweka kiungo. Lachezar kanipigia, ananiita mchawi. Bado hatua moja niwe mtu huru.

Baba bado amevaa uzi wake wa Machi Mosi mkononi, mwekundu na mweupe, wa kuombea afya. Hauvui mpaka aone korongo, na mwaka huu hajamwona hata mmoja.

Jumamosi, 6 Aprili
Ukurasa wa kwanza. Nafasi ya pili!

Nikafungua hesabu za wageni nijue nani katupandisha. Mia nne na kumi na mbili tangu jana, karibu wote kwenye ukurasa mmoja. Tsvyatko Minchev. Fremu nyeusi. Msalaba. Mazishi Jumamosi, 6 Aprili, saa saba mchana.

Nilibofya zote, hata ule wa mfano. Nilisema zote!

Miaka arobaini alifundisha. Nusu ya mji ni wanafunzi wake, na wote wametumiana ukurasa huo. Chini wameandika: Mwalimu alitufundisha mito yote ya Ulaya. Mwalimu hakuwahi kunipiga. Nimesoma nikalia, na yeye yuko jikoni anakaanga pilipili hoho.

Nimempigia Lachezar. “Usiufute, nakuomba. Huo ndio uliotupandisha. Ukiufuta tunaanguka, na ahadi yetu inaanza upya.”

Nimeufuta. Google bado inauonyesha — ina nakala yake. Itachukua siku kadhaa kusahau. Kwa hiyo Baba bado ni marehemu, na mimi nimerudi kifungoni.

Simu inalia. Lachezar. Tena Lachezar.

Saa tano na nusu. Nilikuwa najipanga nimwambieje Baba. Kengele ya mlango. Kupitia dirishani nawaona barabarani, watu wazima wenye mvi, wamepanga foleni kama darasani. Nahesabu maua. Nne. Sita. Nne.

Baba anafuta mikono kwenye aproni. Nasema Baba, ngoja. Hasikii vizuri kwa sikio la upande wangu. Ameshafungua.

“Karibuni, wanangu,” anasema. “Poleni sana. Ni nani aliyefariki?”