Zimwi Langu Linachechemea

Chumba cha juu ya bucha,
Jumapili, tarehe 9 Agosti.

Mpendwa Mjomba,

Shikamoo. Hali yako je, na mkaza mjomba naye, presha yake imetulia? Sisi huku tu wazima. Mama anakohoa kidogo, lakini sauti ya kunigombeza haijapungua hata chembe, kwa hiyo usiwe na wasiwasi naye. Friji kubwa imetengenezwa na msumeno mpya umefika.

Barua yako niliipata Jumanne. Niliisoma nimesimama, nikaisoma tena nimekaa. Umeandika kwamba mwacha asili ni mtumwa, na kwamba nikiondoka buchani kwenda kuchora mazimwi ya michezo nihesabu sina mjomba. Maneno hayo yameniuma, siyo siri. Nililia, nikanawa uso, nikashuka kukata nyama. Leo nakujibu, na nitakueleza yote, maana Mama alikusimulia nusu tu, tena ile nusu mbaya.

Mtaa wa pili kutoka hapa, juu ya duka la rangi, wapo watu wanne wanaotengeneza mchezo wa kompyuta. Ni ile michezo ambayo unajifanya msafiri, unatembea nchi ya kubuni, unapigana na maadui, na kila ukishinda unaongezeka nguvu na hadithi inasonga mbele. Kiongozi wao ni dada mmoja tunayemwita Miwani, mteja wetu wa kila Jumamosi, nusu kilo isiyo na mafuta. Siku moja alikuwa anatafuta pesa mkobani, akaweka karatasi juu ya kaunta. Ilikuwa picha ya zimwi. Nikaitazama, mdomo ukanitoroka: "Dada, huyu hawezi kusimama. Paja lake limeshikwa na nini?"

Alicheka, halafu akaacha kucheka. Akaniuliza mimi ningelishikiza wapi. Nikachukua kalamu ya kuandikia bei, nikamchorea nyonga, kano na goti nyuma ya karatasi yake. Ndivyo nilivyoanza.

Wakanipa kompyuta yao ya zamani na michezo ya watu wengine niitazame. Loo, Mjomba! Nilidhani nitaona upuuzi, nikakuta kazi ya mafundi. Kuna dude moja la matope, mikono minene kama magogo imetangulia mbele, mwili mdogo unafuata nyuma. Kabla halijakugusa ushajua kwamba likikupata umekwisha, lakini likikukosa haliwezi kujirudisha upesi. Hakuna aliyekuambia, umeyasoma mabega yake tu. Kuna na vidudu vya mwanzoni kabisa, vinaruka hatua mbili ndipo vinatema mate. Unavidharau, unaviua, na siku nyingi baadaye unakutana na mama yao, mkubwa kama nyumba, naye anaruka hatua mbili kabla ya kutema. Kumbe wale wadogo walikuwa wanakufundisha! Nilipiga makofi peke yangu chumbani, Mama akagonga ukuta.

Takataka nazo zipo. Zimwi lina pembe sita, meno sitini, miiba mgongoni, na tumbo halipo. Watu wote linaowala linawapeleka wapi? Mchoraji wa namna hiyo hajawahi kuona mnyama kwa ndani, anarundika vitisho tu, kama mpishi asiyejua kupika anavyozidisha pilipili.

Basi wakaniambia nichore zimwi kubwa la kufungia sehemu ya kwanza ya mchezo wao. Nikapiga moyo konde. Wiki tatu nililichora, mfupa kwa mfupa, kila jioni baada ya kufunga duka. Mgongo magamba matupu, shingo imefunikwa, kifua kama mlango wa chuma. Nikaliachia mahali pamoja tu pa kudhurika: kwenye kiungo cha nyonga ya kushoto, pale ambapo ulinifundisha kwamba kisu kinaingia bila kulazimishwa.

Wakaita watu kumi na wawili waje kulijaribu. Mjomba, siku mbili nzima, hakuna aliyelishinda hata mmoja! Walipiga kichwa, wakapiga kifua, wakapiga macho. Dereva mmoja wa lori, mchezaji wa michezo hii tangu ujana wake, alitupa padi ya kuchezea mezani akaenda zake bila kuaga. Mimi nilibaki nashangaa, kwa sababu kwangu ile nyonga ilikuwa wazi kama mchana. Ndipo nikatambua kosa langu: nilikuwa nimechora zimwi la kupigwa na wakata nyama, na katika wale kumi na wawili mkata nyama hakuwepo.

Miwani akaja na dawa yake, kwamba tupake nyonga rangi nyekundu, iwe inawaka na kuzima. Nikakataa. Akaja juu, nami nikaja juu. Kumwashia mchezaji taa kwenye nyonga ni kumwambia yeye mjinga, na zimwi lenyewe linageuka ubao wa shabaha. Mwisho akanipa siku sita. Nikishindwa, taa inawekwa, na kazi ya maadui wa sehemu ya pili anapewa mchoraji mwingine. Hapo kisu kikawa kimegusa mfupa.

Siku nne sikuambulia kitu. Nilibadilisha magamba, nikayarudisha yalivyokuwa. Siku ya tano niliuacha mwili wote kama ulivyo, nikabadilisha mwendo peke yake. Nikalifanya lichechemee, kidogo sana. Likigeuka, linageukia kulia tu. Likisimama, linaegemeza ubavu wa kushoto ukutani kana kwamba linapumzika. Na mtu akijaribu kupita nyuma yake, linanguruma kupita kiasi.

Siku ya sita alikuja kujaribu mama mmoja mshonaji, hata kushika padi hajui vizuri. Aliuawa mara saba. Mara ya nane hakupiga kabisa, alikaa mbali akawa analitazama linavyozunguka. Halafu akasema polepole, "Jamani, huyu anaumwa upande huu. Anaficha." Akazunguka, akapiga pale pale. Zimwi likaanguka. Wala hakushangilia. Aliweka padi chini akasema, "Maskini wa Mungu." Mimi nilitoka nikaenda kusimama kwenye ngazi, machozi yananitoka kama mtoto.

Miaka kumi na minne nimekuwa nikimtenganisha mnyama, kwa heshima, kama ulivyonifunza. Siku ile nilimuunganisha mmoja akasimama, na mtu asiyenijua akamwelewa. Furaha ile sijawahi kuipata kwenye kaunta, na sitakudanganya kwamba niliwahi. Sasa niambie, Mjomba, asili niliyoiacha ni ipi? Hao vijana wa chuo wanaojua kuchora wamejaa tele. Miwani alinitaka mimi kwa sababu najua paja linashikwa na nini, na hilo nimelijua mkononi mwako.

Kazi nimepewa. Maadui wote wa sehemu ya pili, kuanzia tarehe mosi mwezi ujao. Nilikubali jana asubuhi, kabla sijaandika barua hii, tena makusudi, nisije nikaogopa jibu lako. Maji nimekwisha kuyavulia nguo, sharti niyaoge. Bucha namkabidhi Mrefu, ambaye amekata nyama ubavuni mwangu miaka minane, na wewe mwenyewe ndiye uliyemwajiri. Jumamosi nitashuka kumsaidia, maana akiachwa na wateja wa Jumamosi peke yake wale watamla yeye.

Limebaki neno moja ambalo nimelizunguka kurasa zote hizi. Ule mwendo wa zimwi sikuubuni. Ni wako. Tangu ulipoteleza machinjioni ulikuwa unageuka kulia tu, unaegemea gogo la kukatia ukijifanya unapumzika, na mtu akipita nyuma yako unaanza kufoka. Wateja hawakugundua hadi ulipohama. Mama hajui hadi leo. Lakini mimi nilisimama kushoto kwako miaka yote ile, nikiwahi kunyanyua paja la ng'ombe kabla hujalinyooshea mkono, na sote wawili tukijifanya hakuna kitu. Nisamehe kwa kukutumia bila kukuomba.

Kwa hiyo niliposoma barua yako mara ya pili, nimekaa, hasira ilinitoka. Nimekuzoea, Mjomba. Wewe hufoka namna hiyo pale tu mtu anapopita upande unaouma. Na mara hii sitajifanya sikuona. Tiketi ya basi nimekata, natua huko tarehe ishirini na tatu, na asubuhi yake tunakwenda wote kwa daktari wa mifupa. Utakataa, najua. Nitakaa sebuleni kwako hadi ukubali, na likizo ninayo ya wiki nzima. Ukitaka kuninunia, utaninunia tukiwa kwenye foleni, nami nitakuwa nimesimama kushoto kwako.

Nisalimie sana mkaza mjomba, binamu mwalimu na wanawe, na yule jirani yenu fundi saa anayependa ubishi. Mama anakusalimu, na anasema nisikusumbue. Mungu akulinde ukilala na ukiamka, akupe hatua nyepesi na miaka mingi ya kunigombeza.

Ni mimi mpwa wako, nikupendaye hata ukinuna,

Binti Kisu