Dada Milcah Aende Operesheni au Angoje Korona Iishe

KIKUNDI CHA MAOMBI, RONGAI
Kikao cha dharura, Jumamosi 18 Julai 2020, saa nane mchana, sebuleni kwa Dada Milcah.

Waliohudhuria: Mzee Kimaiyo (Mwenyekiti), Nakhumicha (Katibu), Ndugu Elphas, Dada Jepkemei, Bwana Sitati (mume wa Milcah) na wengine sita.
Hakuwepo: Milcah mwenyewe. Yuko chumbani, mlango umefungwa.

KUMB. NA. 1/7/2020: USALAMA WA HOSPITALI
Sitati alieleza kwamba Milcah atatolewa uvimbe wa kansa ya titi Jumatatu. Ndugu Elphas alisema hospitalini ndiko korona inakokaa. Kuna mtu wa Molo aliingia na mguu uliovunjika akatoka kwa jeneza. Alipoulizwa ni nani, alisema alisikia tu.

Katibu aliuliza: Aprili daktari alisema angoje, korona ikiwa kidogo. Sasa imejaa kila mahali, anasema aje. Ni nini hii? Sitati alijibu kwamba sasa wagonjwa wanapimwa kwanza na wodi zimetenganishwa, na kwamba kansa ikingojeshwa zaidi itasambaa. Katibu bado hakuelewa.

Kura za aende au angoje zilikuwa sita kwa sita. Tuko kumi na mmoja. Ikaonekana Mwenyekiti aliinua mkono mara zote mbili.

Milcah aliuliza kutoka chumbani, "Kwani kuna mtu ameniuliza mimi? Naenda, hata kwa miguu!" Kikao kikakubali kwa kauli moja.

KUMB. NA. 2/7/2020: KUMWEKEA MIKONO
Mwenyekiti alimwita Milcah atoke aombewe. Milcah alisema daktari amemwamuru asikaribiane na watu hadi Jumatatu. Mwenyekiti alieleza kwamba maombi si wageni. Jepkemei alisema ajabu gani hii, mgonjwa kumkataa Mungu. Milcah alitoka akilia. Sote tulimwekea mikono kichwani na mabegani, kama desturi yetu.

KUMB. NA. 3/7/2020: SIMU
Nesi alipiga kuuliza kama mgonjwa amekutana na mtu. Mwenyekiti alimwashiria Sitati aseme hapana. Milcah alichukua simu akasema, "Sista, wamenishika watu kumi na mmoja sasa hivi."

Nesi alisema Jumatatu haiwezekani tena. Akae peke yake upya, apimwe, tarehe nyingine itatafutwa. Hakusema ni lini.

Milcah alirudi chumbani. Mwenyekiti aliomba tufunge kwa maombi. Hakuna aliyesimama.

Katibu aliona aibu sana na anaomba iandikwe hivyo. Alitaka kwenda kumwomba msamaha, lakini hakujua kama hata pale mlangoni ni karibu mno. Aliuliza kikao. Hakuna aliyejua.

Watu walianza kutoka mmoja mmoja saa kumi kasorobo.

Mwenyekiti: (amekataa kutia sahihi)
Katibu: Nakhumicha