Mashine Mbili, Chumba Kimoja

Taiki, Hokkaido
14 Oktoba

Mpendwa mdogo wangu Natsuho,

Salamu nyingi kutoka huku baridini. Natumaini barua hii inakukuta mzima na kile kikohozi cha kiangazi kimekwisha. Mimi sijambo, ila magoti ndiyo yenye jambo. Kila asubuhi nikiinuka baada ya kukamua yanalia kama bawaba za mlango. Milima ya Hidaka imeshapata theluji kileleni. Ng'ombe wote wazima, wanakusalimu kwa jinsi yao.

Sasa nije kwenye habari yenyewe, maana najua umeshaanza kucheka. Ndiyo, ni ile kampuni ya michezo ya video niipendayo tena. Umesikia uamuzi mpya wa Hibari? Tangu mwezi huu, mtu aliyenunua mchezo kwa mtandao anaweza kumwazima ndugu yake kwa wiki mbili, kisha mchezo unarudi wenyewe kwa mwenyewe. Hakuna kudaiana, hakuna kununiana. Lakini wameweka sharti: ili kuazimana, mashine mbili lazima ziwe chumba kimoja.

Wachezaji wamewaka huko mtandaoni. Wanasema kampuni imezeeka, haijui kwamba siku hizi ndugu wanaishi mbali na mbali. Mimi nasema inajua sana. Wenzao wote wanahangaika kumfanya mtu asiinuke kitandani. Hawa walikaa mezani kwao Kyoto wakajiuliza, mtu anamwazima nani kitu chake? Wakajijibu, yule anayeweza kumtilia chai. Nawavulia kofia. Tangu baba atununulie mashine yao ya kwanza, nawe hujaanza hata shule, sijawahi kuona wakiamua jambo bila kumfikiria mchezaji.

Nasikia unao ule mchezo wa Reli ya Milimani. Ningependa kuuazima. Mimi siwezi kuja Sakai, ng'ombe hawana likizo. Lakini duka lenu la miwani hufungwa Mwaka Mpya. Basi fikiria. Nitakupikia wali wa nyama ya nguruwe kama ule wa Obihiro, na safari hii sitauunguza.

Ni mimi kaka yako,
Tokuji


Sakai, Osaka
2 Novemba

Kaka Tokuji, shikamoo.

Hapa kwangu hatujambo, yaani mimi na paka. Kikohozi kimekwisha. Bado kuna joto, jirani anamwagilia maua akiwa na kaptura. Pole sana kwa magoti. Nimekutumia plasta za moto kwa posta. Ni za kwako, usiwabandike ng'ombe.

Barua yako niliisomea dukani, nikacheka mpaka mteja akavua miwani aliyokuwa anaijaribu akidhani nimemcheka yeye. Kaka, kampuni hiyo ungeiposa tu tujue moja. Walipotoa mashine dhaifu kuliko za wenzao, ulisema ni hekima. Walipokataa kushusha bei ya mchezo uliokwishazeeka, ukasema kizuri chajiuza. Walipouchelewesha ule wa mapango mwaka mzima, ukaniandikia kwamba haraka haraka haina baraka, wakati mimi najua ulikuwa umeshamwomba jirani yako Sakaguchi akukamulie wiki nzima ili ucheze. Sasa wanatupangia hadi chumba cha kukutania, kama mama mkwe, nawe unashangilia.

Mchezo wenyewe bei yake haifiki ya gunia moja la chakula cha ndama. Nunua. Au niache nikununulie mimi, kesho jioni uwe unaendesha treni.

Najua unachokitafuta, kaka. Usinipake mafuta kwa mgongo wa chupa. Siwezi kuja. Tangu mazishi ya baba siwezi. Ninyi mlikuwa mnamsindikiza, nami nimekaa uwanja wa ndege wa Itami na nguo nyeusi, natazama ubao unaosema safari zote za Hokkaido zimefutwa kwa theluji. Nilikaa hapo mpaka mfagiaji akanizoea. Kisha nikarudi nyumbani. Mtoto asiyemsindikiza baba yake anaingiaje kwenye ule mlango, na akishaingia anasema nini?

Kwa hiyo nunua mchezo. Usile tambi za pakiti kila siku.

Mdogo wako,
Natsuho


Taiki
12 Novemba

Mpendwa mdogo wangu,

Marahaba. Hujambo? Plasta nimezipata, moja iko gotini hivi sasa na inafanya kazi. Nashukuru sana. Theluji imeanza kukaa chini, haiyeyuki tena. Ndama mmoja alikuwa anaharisha, amepona.

Kwanza nijibu matusi dhidi ya kampuni yangu. Unasema mashine yao ni dhaifu. Yangu ilidondoka kwenye samadi mwezi wa tano. Nikaifuta, ikawaka. Hizo zenye nguvu za wenzao, zinazotoa moto kama jiko, zingefanya hivyo? Usione vyaelea, vimeundwa. Na unaikumbuka ile mashine yao iliyokufa sokoni, ambayo katika mji huu hakuna aliyeinunua ila mimi? Wangeweza kuifukia na kujifanya haijawahi kuwepo. Badala yake waliendelea kuitengenezea michezo miaka mitatu, kwa ajili yetu sisi wachache tulioiamini. Hasara tupu kwao. Mtu aliyekula hasara pamoja nawe humsahau? Mimi siwezi.

Lakini uamuzi wao ninaoupenda kuliko yote ni mmoja ambao watu hawauzungumzi. Vipuri vya mashine ya zamani vilipokaribia kwisha, hawakufunga mlango wa ufundi kimya kimya. Walitangaza mwaka mzima mapema: mwenye mashine mbovu ailete sasa, maana baada ya hapo hatutaweza tena. Watu wakapata nafasi. Mwenye la kutengeneza akatengeneza, mwenye la kuaga akaaga. Hiyo naiita adabu, nami najaribu kuiiga, ingawa mwaka mzima sina.

Basi nakutangazia. Mwishoni mwa Machi ng'ombe wanaondoka. Magoti yamekataa, na bei ya chakula cha mifugo imepanda mpaka nakamua kwa ajili ya mwenye chakula. Sakaguchi atachukua ardhi, na ng'ombe watatawanywa kwa wafugaji wengine. Theluji ikiyeyuka nyumba itabomolewa ajenge zizi kubwa la kisasa. Ni haki yake, hata mimi ningejenga. Nimepata chumba Obihiro, cha chini, kisicho na ngazi. Picha ya baba na ya mama nitakwenda nazo.

Usininunulie mchezo. Nataka kuuazima, chumba kimoja, kama walivyosema Kyoto.

Kaka yako,
Tokuji


Sakai
22 Desemba

Kaka, shikamoo.

Natumaini hujambo na baridi haijakuzidi. Mimi mzima. Samahani kwa ukimya. Nilikaa kuandika mara nyingi nikaishia kumchambua paka manyoya.

Nyumba yote, kaka? Hata ghala la majani tulikoficha mashine mama alipotunyang'anya, na wewe ukavuta waya kutoka zizini mpaka ng'ombe wakakosa taa? Baba alikuja na tochi tukadhani tumekwisha. Akakaa kwenye majani akasema, "Sogeeni. Hiki kinachezwaje?" Nimeikumbuka mwezi mzima. Sikulaumu. Ungeacha hata miaka mitano iliyopita nisingekulaumu. Nimesikitika tu kwamba uliyabeba hayo peke yako ukanisimulia mambo ya vipuri.

Mwaka Mpya sitakuja. Watu wengine nimewaambia tunahesabu mali dukani. Wewe nakwambia ukweli: naogopa. Namwogopa shangazi na wanawake wa Taiki, najua wanasema binti wa Osaka hakuja. Na zaidi ninaiogopa picha ya baba. Labda theluji ikipungua. Na usiseme kwamba labda ya Natsuho ni hapana.

Nimekutumia tambi za soba uzile usiku wa kuamkia mwaka, zichemshe vizuri, usizifanye uji. Mtandaoni wanasema malalamiko yamewazidi Hibari, huenda wakaiondoa ile sheria yako. Utalia?

Mdogo wako,
Natsuho


Taiki
5 Februari

Natsuho, mdogo wangu,

Hujambo? Heri ya mwaka, ingawa mwaka umeshaanza kuzeeka. Soba zilikuwa tamu, uji kidogo. Huku kipimo kimeshuka mpaka nyuzi ishirini chini ya sifuri, maji ya ng'ombe yanaganda bombani, natembea na birika la moto kama mhudumu wa hoteli.

Sheria wameiondoa kweli. Sasa mtu anaazimana na aliye popote, anabonyeza tu. Na asubuhi ya pili baada ya tangazo, nilipomaliza kukamua nikawasha mashine, nikaukuta mchezo wako umefika, na jina lako pembeni. Asante. Nimeelewa kwamba huji. Sijaufungua. Wiki mbili zikiisha utarudi kwako wenyewe.

Kwa mara ya kwanza maishani nasema Hibari wamekosea. Nilimwambia Sakaguchi alipokuja kupima zizi. Akatoa sigara mdomoni.

"Wewe, Tokuji? Unaumwa?"

"Siumwi. Wamelegea. Wamewasikiliza wavivu."

"Mbona hata mashine yao ilipokufa ulivaa fulana yao?"

"Hiyo ilikuwa tofauti."

"Bwana wee," akasema, "si kampuni iliyokukasirisha. Mwandikie dada yako, acha kuzungusha maneno. Mimi nina baridi."

Amesema kweli. Nilijificha nyuma ya sheria yao nikitumaini itakuita kwa niaba yangu. Nilijua nikikuita mimi utaona haya na utakataa, na ukishakataa mimi sitarudia, ndivyo nilivyo. Sasa sheria haipo, nimebaki mimi. Basi nasema kwa mdomo wangu: njoo.

Kuhusu shangazi, siku ile ya mazishi alikutengea sahani, akakataa isiondolewe mpaka wageni wote walipokwenda zao. Alisema, "Mtoto yuko njiani, theluji ndiyo mkaidi." Hakuna aliyesema lingine, na kama kuna mtu angesema, ningemtoa nje. Nilidhani nilishakuandikia hayo. Kumbe nilikuandikia habari za michezo.

Hilo ni lako. Langu mimi ni hili. Lori litakuja asubuhi ya tarehe 28 Machi kuchukua ng'ombe. Kazi hii nimeifanya peke yangu tangu baba aondoke na sikulalamika, lakini siku hiyo moja siiwezi. Nimejaribu kuiwaza nikiwa nakamua, nashindwa kufika mwisho. Sitaki kusimama pale peke yangu nikitazama zizi likibaki tupu. Kama huwezi, niambie tu huwezi, nitamwomba Sakaguchi asimame nami, ni mtu mwema. Lakini ningependa uwe wewe. Nina hamu nawe sana.

Kaka yako,
Tokuji


Sakai
24 Februari

Kaka Tokuji, shikamoo.

Natumaini u mzima na maji yameacha kuganda. Mimi mzima, paka mzima, amenenepa.

Mchezo umerudi wenyewe na kweli hukuugusa. Mashine inaonyesha kila kitu. Kichwa chako ni kigumu kuliko jiwe la kusagia. Umeelewa, umeelewa nini? Hukuelewa hata kidogo.

Sikiliza. Miezi yote hii nilikuwa najiambia kwamba nikija, nitakuja kwa ajili ya mchezo. Nitaingia mlangoni na mashine mkononi, na shangazi akiuliza nimefuata nini baada ya miaka yote hii, nitasema nimemletea kaka mchezo, ndiyo masharti ya kampuni, tufanyeje. Nilikuwa nimeshaipenda sababu hiyo. Kisha wakaiondoa. Nilikaa na mashine mapajani jioni nzima nikijisikiliza, nikingoja ile nafuu ya mtu aliyeambiwa si lazima aende. Haikuja. Nikaona bado nataka kuja. Ndipo nikakutumia mchezo hapo hapo, ili nikifika usije ukasema nimeletwa na kampuni.

Nilitaka kukuandikia nikiwa na tiketi mkononi, ndiyo maana nimechelewa. Bosi wangu kutoa likizo ni kama kutoa jino. Barua yako ikafika katikati ya hayo. Nimeisoma nimesimama, nikaisoma tena nimekaa. Ile sahani ya shangazi ungeniambia mapema, kaka. Nakusamehe kwa sababu ya magoti.

Na Hibari hawakukosea. Ile sheria ilikuwa nzuri, lakini kuiondoa ni vizuri zaidi, maana sasa anayekwenda kwa nduguye anakwenda kwa kupenda. Ona mambo yalivyogeuka, mimi naisifu na wewe unaitukana. Mpe Sakaguchi habari hiyo, atasahau baridi.

Nakuja kwa treni. Ndege siziamini tena na theluji yenu. Nitaondoka Osaka alfajiri, nipite kwenye handaki la chini ya bahari mpaka Hakodate, nifike Obihiro tarehe 26 usiku. Unipokee kwa gari lililooshwa. Baba sijui nitamwambia nini. Nitasimama mbele ya picha yake nimwambie shikamoo, mengine yatakuja yenyewe au hayatakuja.

Nitafutie viatu vya mpira, mguu wangu ni ule ule. Na asubuhi hiyo ya lori usimtoe ng'ombe hata mmoja kabla sijavivaa.

Mdogo wako,
Natsuho