Samaki wa Mama Kemunto

Nairobi, Ijumaa, Julai 1958. Mawingu tangu asubuhi, na baridi ya kuuma vidole.

Moraa hajala leo.

Tangu Pasaka mke wangu anaishi kwa uji mwepesi, na huo nao huurudisha nusu. Daktari amesema asipopata chakula cha maana hatafika mbali. Basi juzi aliposema anatamani samaki, nilitoka uani nikalia. Aliwataka kama wale ambao akina mama wa Kijaluo walikuwa wakituletea sokoni Magwagwa, nasi tukiwapa ndizi, kabla ndugu zangu hawajanifukuza shambani Nyaramba. Tulitoka huko vijana, hatujarudi.

Ombati, mume wa binti yetu Kemunto, akasikia. Ni kijana mkarimu. Leo amekuja na Kemunto kwa teksi, akatupeleka kwenye hoteli ya samaki katikati ya mji, mojawapo ya zile chache ambazo siku hizi Mwafrika anaingia kwa mlango wa mbele. Vitambaa vyeupe mezani, uma za kila namna, samaki wa baharini mzima kwenye sinia, anafuka mvuke wa siagi na ndimu.

Moraa aliivuta ile harufu amefumba macho. Niliona koo lake likipanda na kushuka.

Kisha Ombati akaketi mbele yake.

Kwetu Gusii mama hali chakula mbele ya mume wa bintiye. Ni chinsoni, ile heshima ya wakwe kujiepusha. Nilisogeza kiti changu nimkinge. Ombati akadhani nampisha, akasogea karibu zaidi, akaanza kumchambulia mkwewe minofu kwa mkono wake mwenyewe.

"Kula, Mama," akasema akicheka. "Chinsoni tuliziacha stesheni ya Kisumu."

Kemunto akamkanyaga mguu chini ya meza. Hakuelewa. Akafikiri samaki hakupendeza, akaagiza kamba, halafu kaa. Moraa alikuwa ameinama, ncha ya kitambaa chake cha kichwa imeziba mdomo.

Ningemwambia nini? Ndiye aliyetualika, na meza za jirani zilikuwa zikitutazama.

Nilimwomba mhudumu atufungie. Ombati akaninong'oneza, "Baba, hoteli kama hii hawafungi mabaki." Sahani zikaondolewa zote.

Tulipofika nyumbani nilimwambia Moraa, "Ungejikaza ule kidogo. Mtoto amesoma, asingejali."

"Mimi ningejali. Na usimwambie. Ni mtoto mzuri."

Nikamuuliza kama nimtafutie samaki mwingine, nimpikie humu humu ndani.

"Hamu imekwisha, Baba Kemunto," akasema, akageukia ukutani.

Kukipambazuka nitakwenda sokoni hata hivyo. Nitakaanga mwenyewe, nifunge mlango, nikae kizingitini asiingie mtu.

Sijui kama hamu humrudia mgonjwa mara ya pili.