Amenisikiliza Hadi Mlangoni Kwetu

Mshauri mpendwa, nisaidie, maana ninakuandikia nikiwa nimekaa sakafuni nyuma ya kitanda, na kila cherehani ya mama inaponyamaza huko sebuleni moyo unanienda mbio nikidhani ni yule mtu amerudi.

Mimi ni msichana, nimemaliza shule majuzi tu na bado nasubiri matokeo. Naishi na mama yangu ambaye ni fundi wa kushona, na chumba chake cha kazi ndicho hichohicho sebule yetu, kwa hiyo mteja akipiga hodi anakuwa tayari ameshaingia kwetu, na kati yake na mimi kuna pazia tu. Kuongea na watu ni mtihani kwangu, hata darasani jibu nilikuwa nalo ila linakwama kooni, isipokuwa kuna mahali pamoja ninapoongea kama binadamu wengine, napo ni kwenye kundi la wapenda muziki kwenye simu linaloitwa Upande wa Pili. Mle ndani mtu anakupendekezea albamu nawe unampendekezea yako, na sheria ni kwamba uisikilize kuanzia wimbo wa kwanza hadi wa mwisho bila kuruka hata mmoja, halafu papo hapo, kabla hujapoa, utume ujumbe wa sauti useme imekushika wapi. Kuandika hakuruhusiwi, kwa sababu wanasema maandishi yanajipamba. Tuna pia mchezo wa kuwinda sauti zilizojificha ndani ya albamu, labda kiti kinacholia chini ya mpiga gitaa, au mtu aliyekohoa mbali, au mvua juu ya bati, na katika mchezo huo mimi, Kimya kama wanavyoniita, huwa nawashinda watu wazima, nao wananisifu mpaka nacheka peke yangu.

Yupo mmoja anaitwa Kaka Besi, ambaye anajua albamu kuliko sisi sote. Yeye peke yake huandika, anasema koo lake bovu, tukamzoea hivyo. Alinifungulia muziki ambao nisingeupata popote, akawa ananiita mdogo wangu, nami nikamweleza mambo mengi, mji tunaoishi, na hata kwamba Jumamosi ndiyo siku yangu ya kusikiliza kwa sauti kubwa kwa sababu mama huenda kununua vitambaa na mimi nabaki peke yangu.

Siku moja akaniandikia pembeni, nje ya kundi: "Kimya, leo nimekuwinda wewe. Nimesikiliza jumbe zako zote za sauti, zile za nyuma kabisa mpaka za leo. Nyuma yako kuna cherehani ya kukanyaga inayolia kama panya kila inapoanza. Kuna mtu anachomelea vyuma jirani. Kuna kengele ya shule, na baada yake watoto wanapita chini ya dirisha lako. Nimekosea?" Mshauri, mimi nilicheka! Niliona ni mchezo wetu uleule, nikamjibu, "Umepata zote, kaka, wewe kiboko!" Akaniuliza kama kengele inasikika upande wa mkono wa kulia au wa kushoto, nikamjibu hilo pia.

Juzi mchana nikiwa nyuma ya pazia nikasikia mwanamume anabisha hodi. Mama akamwambia, "Karibu, baba, pita, angalia usikanyage pini." Akasema ana suruali ndefu anataka ifupishwe, "maana hii inanivaa mimi, siyo mimi ninayeivaa," na mama yangu ambaye hachekeshwi kirahisi akacheka sana. Wakati mama anampima, yule mtu akaanza kupiga mluzi polepole, na mimi nikamtambua papo hapo, kwa sababu wimbo ule ni wa tatu kwenye albamu ya kinanda ya mwalimu mmoja mstaafu aliyejirekodi mwenyewe nyumbani kwake, haiuzwi mahali popote, mjukuu wake ndiye aliyetuletea kwenye kundi, na mimi ndiye niliyempendekezea Kaka Besi.

Halafu akauliza, "Hapa unafanya kazi peke yako, mama? Huna binti wa kukusaidia?"

"Ninaye, huyo hapo ndani, masikio yamezibwa na nyaya kutwa nzima. Wewe! Njoo umsalimie mgeni!"

Sikutoka. Nilishika pazia kwa ndani ili lisitikisike.

"Msamehe tu," mama akamwambia, "huyo hata paka akimtazama anaona haya."

"Mwache, mama," akasema. "Watu wakimya ndio wanaosikia vizuri."

Kisha akaomba aje kuichukua Jumamosi. Mama akamwambia Jumamosi yeye hatakuwepo, ila haina shida, binti atampa. Jioni ile kwenye simu ukaingia ujumbe wa Kaka Besi, maneno manne tu: "Mama yako mcheshi sana."

Sijamjibu. Sijamwambia mama pia, kwa sababu atachukua simu na kundi nitalipoteza, na kule ndiko ninakojulikana kuwa nipo, tena atasema mimi ndiye niliyemwelekeza, na ni kweli nilimwelekeza. Mara nyingine najiambia labda ni mtu mwema anayetaka kunishangaza tu, na nikimkimbilia polisi nitakuwa nimemdhalilisha bure mtu aliyenifundisha nusu ya muziki ninaoupenda. Lakini suruali imeshashonwa, inaning'inia kwenye msumari, nami siwezi kuitazama. Nifanye nini?

Kimya

MSHAURI ANAJIBU

Kimya mwanangu, barua yako nimeitanguliza mbele ya zote zilizokuwa mezani, na nimemwomba mhariri aitoe leo Jumatano bila kungoja zamu yake. Kwa hiyo nisome haraka, lia baadaye.

Kwanza tumalize habari ya "labda ni mtu mwema". Mtu mwema anayetaka kukutembelea husema, "Ningependa kuja, mama yako ataruhusu?" Huyu hakuuliza anwani, aliichimbua nyuma ya sauti yako. Akaingia kwenu kwa kisingizio cha suruali, akamchekesha mama yako huku akijua wewe ni nani, na siku zote hizo za juma hakuona siku ya kuchukua nguo yake isipokuwa ile uliyomwambia unabaki peke yako. Halafu akakuandikia ili ujue kwamba alikuwa pale. Anataka uogope na unyamaze. Hofu yako imeona sawasawa, usiibembeleze ilale.

Tena jiulize. Kundi zima linatoa sauti, yeye peke yake koo bovu, lakini koo hilohilo limepiga mluzi na kutania sebuleni kwenu bila kukohoa hata mara moja.

Sasa nikukaripie kidogo, maana nawe umeniudhi. Si kwa kumwambia mtu kuhusu kengele. Ulidhani ni mchezo, na aliyegeuza mchezo kuwa mtego ni yeye, mtu mzima mwenye akili zake. Umeniudhi kwa kukaa nyuma ya kitanda tangu juzi ukipima kundi na maisha yako kana kwamba vina uzito mmoja. Na mama yako umemfanya nini? Umemwacha anamshonea suruali mtu huyo na kumpangia siku. Yeye pia yuko hatarini, naye hajui lolote.

Mwambie leo, kabla hajawasha taa ya jioni. Atafoka, ndiyo. Mama akiogopa hufoka, mwache afoke mpaka amalize. Akitaka simu, mwombe kitu kimoja tu: asifute chochote na asimpigie yule mtu kumtukana. Jumbe zake zote zipigwe picha, hata zile za upole, kisha nendeni nyote wawili kituo cha polisi na simu mkononi. Wakiwaambia mrudi akishafanya kitu, msiondoke. Mwombeni mkubwa wao, na mama aseme wazi kwamba mtu mzima amemfuatilia binti yake hadi nyumbani na Jumamosi anarudi. Wewe usimjibu hata neno moja, hata la kumfukuza.

Jumamosi usiwepo hapo. Nenda na mama kwenye vitambaa, au kalale kwa ndugu tangu Ijumaa. Suruali apewe fundi wa kuchomelea vyuma wa jirani, mwenyewe akija aikute kwake, na wenzake wajue kwa nini.

Kiongozi wa kundi naye aambiwe, kwa sababu si wewe pekee unayetuma sauti mle, na sijui ni binti gani mwingine anayesikilizwa hivi sasa. Jumbe zako za zamani zikishahifadhiwa kwa ajili ya polisi, zifutwe kwenye kundi. Muziki wenyewe sikukatazi. Mambo yakitulia, kaa na mama msikilize albamu moja pamoja mpaka mwisho, ajue ni kitu gani ulichokuwa unaogopa kunyang'anywa.

Najua unachowaza sasa: kwamba maneno yatakwama kooni kama darasani. Basi usiseme. Chukua ukurasa huu, umwekee juu ya cherehani, na akimaliza kusoma na kuuliza ni mtoto wa nani huyu maskini, unahitaji maneno matatu tu. Mama, ni mimi.