Bomba Lililoziba Chumbani kwa Neema

Lusajo mjukuu wangu, ugonile, hujambo huko? Hapa Nkunga mvua haijakatika, babu yako anakohoa kidogo, na mama yako amemaliza kuvuna maharage.

Unauliza kwa nini mashine ya kufyonza vumbi ya huko kazini kwako, ile yenye mabomba ndani ya kuta, inavuta vumbi la vyumba vyote isipokuwa kimoja. Niliwahi kuliona hilo. Mashamba ya chai yalipouzwa kwa watu binafsi, nilifanya kazi za ndani kwa meneja mmoja. Mkewe, Mama Neema, alikuwa amemzika binti yake mdogo, Neema, na chumba cha mtoto kikafungwa. Siku alipokifungua tukisafishe, mashine yao, ya aina hiyo hiyo, haikuvuta humo.

Fundi Saidi wa Bulyaga alijaribu matundu yote ya ukutani, yale ya kuchomekea mpira wa kufyonzea. "Mashine ni nzima," alisema. "Bomba la chumba hiki ndilo limeziba." Akafungua kiungo, akaingiza waya, akavuta donge la vumbi. Ndani yake mlikuwa na soksi ndogo.

"Ya Neema," mama yake alisema, akaketi sakafuni akilia. Tangu mazishi sikuwahi kumwona akilia. Nilitaka kumwambia anyamaze. Fundi akazima mashine, akaketi mlangoni. Nami nikaketi.

Hatukumharakisha. Mwishowe alinyanyuka, akaushika mpira wa mashine.

"Washa, fundi."

Chumba cha mwanawe akakisafisha kwa mikono yake, hadi chini ya kitanda.

Nawe anza na bomba la chumba hicho kimoja, taratibu. Mungu akutunze.

Bibi yako