Ganda Moja Uzioni

Baba Marit,

Naenda mjini kununua vifuniko, chupa ziko tayari. Chuma nyanya zote, uzimenye na kuzipika leo, usiku barafu itaanguka iziue. Sinia la dirishani usiguse, mbegu za maboga zinakauka.

Asubuhi ndiyo nimegundua: maharage mliyopikia supu jana, wewe na Marit, yalikuwa ya mbegu. Yale ya marehemu mama yako, ninayoyapanda kila mwaka tangu unioe. ~~Hamna akili nyie.~~ Asanteni. Nikasema basi, nimefunguliwa, sina tena cha kupanda, mwakani kiangazi chote niko kwa dada yangu.

Kisha nikaona ganda moja kavu la maharage yale limebaki uzioni, mbegu zimo ndani. Nilitaka kulipita. Mkono ukalichuma wenyewe.

Limo kwenye bahasha, juu ya friji. Jamani, msilipike.

Mama Marit